Mambo ya Nyumbani: Kuunga Bomba la Maji Lisivuje



Mwalimu mmoja wa shule ya kijiji ametuletea swali juu ya bomba jeusi la plastiki lipelekalo maji shuleni kwake. Asema ya kuwa lilikatwa kwa jembe, na watu wakaliunga kwa desturi iliyozoewa sana: waliwasha moto wa majani, wakalainisha ncha zake mbili, wakazisukumia juu ya kipande cha bomba la chuma, kisha wakafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Maji yakapita, watu wakafurahi. Lakini tangu siku ile mahali pale hapakauki, pana matope siku zote, na watoto hupakanyaga waendapo chooni. Mwalimu auliza: maadamu maji yafika bombani, je, haitoshi?

Twamjibu ya kuwa haitoshi, tena si kwa sababu ya maji yapoteayo tu. Maji yapoteayo ni hasara, na hesabu yake ni rahisi: tone moja kwa kila sekunde hujaza ndoo ya lita 20 katika siku chache. Lakini liko jambo baya zaidi ambalo wengi hawalifikiri. Katika vijiji vyetu vingi, na hata mijini, maji hayaji saa zote. Hufunguliwa asubuhi, hukatwa jioni. Bomba likiwa na maji yenye nguvu, tundu hutoa maji nje. Maji yakikatwa, yale yaliyobaki bombani hushuka kwenda mabondeni, na bomba lililo mahali pa juu huanza kunyonya, kama mtu anywaye kwa mrija. Hunyonya nini? Hunyonya kile kilicho karibu na tundu, yaani yale matope yaliyokanyagwa na watoto. Kesho yake maji yakifunguliwa, uchafu ule huenda moja kwa moja katika vikombe. Hivyo kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu vyaweza kuingia nyumbani kwa njia ya maji yaliyotoka safi kabisa katika tangi.

Kwa hiyo swali la kuunga bomba ni swali la afya ya nyumba, na yafaa baba na mama walijue, wasimwachie fundi peke yake. Leo basi twasema habari za viungio vya kubana, maana ndivyo vifaavyo kwa mabomba haya, navyo havitaki moto wala umeme.

Kwanza tulijue bomba lenyewe. Plastiki hii huitwa polithini. Wataalamu wawili wa Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, waliigundua mwaka 1933 bila kuitafuta, walipokuwa wakijaribu jambo jingine kwa mgandamizo mkubwa sana. Na mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani akapata njia ya kutengeneza aina iliyo ngumu zaidi, ambayo mabomba yetu ya maji hutokana nayo. Weusi wake si urembo. Huchanganywa na masizi ili jua lisilile na kulipasua. Mistari ya buluu ubavuni huonyesha ya kuwa ni la maji. Lenye mistari ya manjano ni la gesi, usilinunue hata ukipewa kwa bei ya bure.

Sasa kiungio. Ukikifungua utaona vitu vinne: mwili, nati kubwa ya plastiki, pete nyeupe au ya rangi nyingine iliyopasuliwa upande mmoja na yenye meno ndani, na mpira mdogo wa duara. Kila kimoja kina kazi yake, na mtu asiyezijua kazi hizi ataharibu hata kiungio kizuri. Mpira ndio uzuiao maji. Hukaa kati ya bomba na mwili, ukabanwa pande zote, maji yasipate njia. Pete haizuii maji hata kidogo. Kazi yake ni kushika. Nati imechongwa ndani kama faneli, na kadiri uikazavyo ndivyo ibanavyo pete, na meno ya pete huuma bomba. Bomba likivutwa litoke, pete hujisukumia katika sehemu nyembamba ya nati na kuuma zaidi.

Fahamu hayo, nawe utajua mara moja kwa nini haifai kuzungusha tepu nyeupe juu ya hesi ya nati. Nimeiona kazi hiyo mara nyingi, na walioifanya huamini kuwa wameongeza usalama. Walakini maji hayapiti katika hesi ile. Hesi ni ya kukaza tu. Tepu humzuia mkazaji asifikishe nati mahali pake, na pete haishiki sawasawa. Tepu ina mahali pake palipo halali: upande ule wa kiungio wenye hesi ya kuingia katika koki, au katika bomba la chuma, au katika mita. Hapo hesi yenyewe ndiyo izuiayo maji, basi izungushie tepu kwa kufuata upande wa kukazia.

Katika kuchagua, kosa kubwa ni la kipimo. Bomba la polithini hupimwa kwa upana wake wa nje, kwa milimeta: 20, 25, 32, 40, 50, 63. Bomba la chuma la mabati huitwa kwa inchi, na jina hilo halilingani na upana wake wa nje. Lile la nusu inchi lina milimeta 21.3 kwa nje, la robo tatu lina 26.9, la inchi moja lina 33.7. Mwenye duka atakuambia ya kuwa 20 ni nusu inchi, 25 ni robo tatu, na 32 ni inchi moja. Kwa kadirio la maji yapitayo hasemi uongo. Lakini usijaribu kukitia kiungio cha 25 katika bomba la chuma la robo tatu, halitaingia, na ukililazimisha utaukata mpira. Kwa hiyo usiende dukani na maneno matupu. Kata kipande cha bomba chenye urefu wa shubiri, nenda nacho, ukijaribu palepale. Tena soma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa bomba: yataje upana, na unene wa ukuta, na herufi PN pamoja na tarakimu.

Tarakimu hiyo ya PN ni nguvu ya maji ambayo bomba laweza kuistahimili. PN 10 maana yake ni nguvu ya maji yaliyosimama kimo cha karibu meta 100. Ikiwa tangi la kijiji liko mlimani, meta 60 juu ya nyumba yako, nguvu bombani mwako usiku, koki zote zikiwa zimefungwa, ni karibu sita. Mchana watu wakichota nguvu hupungua. Ndiyo sababu kiungio kibovu aghalabu huachia usiku, watu wakiwa wamelala, nao huamka na kulikuta tangi tupu. Chagua kiungio chenye nguvu isiyopungua ile ya bomba. Kifungue ukitazame: mpira usiwe umepasuka wala kukauka, na meno ya pete yawe makali. Viko viungio vyepesi mno, ambavyo mwili wake huminyika ukiubana kwa vidole. Hivyo viache dukani hata kama bei yake yavutia.

Haya, tuje kwenye kazi. Funga maji kwanza. Fukua mahali palipovunjika, si tundu dogo la kuingiza mkono mmoja, bali nafasi ya kutosha kuliinua bomba na kulisafisha. Kata sehemu yote iliyoumia kwa msumeno wenye meno madogo, na ukate kwa mraba, maana bomba lililokatwa mshazari huenda lisifike mwisho wa mwili upande mmoja. Kwa kisu kikali ondoa nyuzinyuzi za plastiki ndani na nje. Kisha chonga kidogo ukingo wa nje, uwe kama ncha ya penseli iliyoanza kuchongwa, ili uteleze juu ya mpira badala ya kuukata. Tazama vizuri sehemu ya bomba itakayoingia ndani. Ikiwa ina mkwaruzo uendao kwa urefu, kata tena mbele yake, kwa kuwa mpira hauwezi kuziba mfereji ule. Bomba lililokuwa limeviringishwa huwa lina umbo la yai. Lifinye kwa mkono mpaka lirudie mviringo.

Pima kina cha mwili kutoka mdomoni mpaka kikomo, ukatie alama juu ya bomba. Alama hii ni ndogo, lakini ndiyo iokoayo kazi. Bomba likisukumwa hukutana na mpira, nao hulizuia kidogo. Na mtu asiyejua hufikiri limefika mwisho, akakaza nati. Pete itashika, ndiyo, ila bomba halijapita mpira, na maji yatatoka tangu dakika ya kwanza, au baya zaidi, yatangoja wiki mbili. Paka ncha maji ya sabuni. Usipake grisi ya gari wala mafuta, kwa sababu mafuta huharibu aina nyingi za mpira, na maji haya ni ya kunywa. Legeza nati bila kuitoa, sukuma huku ukizungusha kidogo, vuka ule mpira, endelea mpaka alama yako ifike mahali pake. Ndipo ukaze nati kwa mkono kwa nguvu zako zote, kisha ongeza kidogo kwa spana ya bomba. Usiiningʼinie spana kwa uzito wa mwili. Nati ya plastiki iliyopasuka haina dawa.

Wenye nyumba zilizo na mabomba ya shaba watakuta kiungio cha namna nyingine, cha shaba ya manjano, na ndani yake pete ya chuma hicho hicho isiyo na meno wala mpira. Humo pete ndiyo ifanyayo kazi zote mbili, kushika na kuzuia maji, kwa kubanwa mpaka iliume bomba. Kwa bomba la milimeta 15 nati hukazwa kwa mkono, kisha kwa spana mzunguko mmoja au mmoja na robo, basi. Akazaye zaidi huiponda pete na bomba, na hapo huvuja kwa sababu ya bidii yake.

Turudi kwenye polithini, maana kuna adui mmoja aliyesahauliwa, naye ni jua. Plastiki hii hutanuka ikipata joto na hujikunja ikipoa, kupita chuma mara nyingi. Bomba la meta 100 likipoa kwa digrii 20 hujifupisha karibu sentimeta 40. Sasa fikiri: watu wamelitandaza juani adhuhuri, likawaka moto hata halishikiki, wakalivuta likanyooka kama uzi, wakaliunga, wakafukia. Usiku ardhi yalipoza, nalo lavuta viungio vya pande zote mbili. Kiungio kilichokazwa vibaya huachia hapo. Afadhali ulitandaze katika mtaro kwa kupindapinda kama njia ya nyoka, na kuunga jioni, au baada ya kulipitisha maji ya baridi. Mtaro nao uwe na kina cha kutosha jembe lisilifikie, na chini pasiwe na mawe yenye ncha.

Neno juu ya ule moto wa majani. Huenda mtu akasema, Mbona mafundi wa maji huunga mabomba makubwa kwa joto? Ni kweli, lakini wao hutumia sahani ya umeme iliyopimwa joto lake, na mashine ya kuzishika ncha zilingane, wala hawafungi mpira wa baiskeli juu yake. Moto wa majani huunguza upande huu na kuacha upande ule, na plastiki iliyovutwa juu ya chuma imekwisha kukonda kabla haijaanza kazi.

Jambo la mwisho kabla ya kufukia: usifukie. Fungua maji polepole, uache hewa itoke kwenye koki ya mwisho, kisha uifunge nguvu ijae. Kausha kiungio kwa kitambaa, ukizungushie karatasi kavu, ukiache wazi usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, tia udongo laini kwanza, ushindilie kwa mguu pande zote, ndipo mawe yafuate. Ikiwa karatasi imelowa, funga maji na kulifungua bomba upya. Kukaza tu zaidi husaidia mara chache, kwa kuwa aghalabu kosa liko ndani, katika mpira uliojikunja au bomba lisilofika. Mwili na nati vyaweza kutumika tena. Mpira uliokatwa na pete iliyopoteza ukali vitupwe. Na kwa bomba lililo kabla ya mita, usiliguse wewe. Huko ni kwa wenye mradi wa maji, nao ndio waitwe, hata kama watakawia.