Vitabu Alivyosoma Tupac

Wako wazazi ambao wakisikia muziki wa rap chumbani kwa mtoto huamuru uzimwe mara moja, wakiamini ni kelele za wahuni wasiosoma. Kabla hujauzima, hebu tumtazame Tupac Shakur, aliyezaliwa New York mwaka 1971, akauawa kwa risasi huko Las Vegas mwaka 1996, akiwa na miaka 25 tu.

Mama yake, Afeni Shakur, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi. Tupac alipokosa utotoni, adhabu yake ilikuwa kusoma gazeti la New York Times. Baadaye, katika shule ya sanaa mjini Baltimore, alijifunza uigizaji na ushairi, akacheza tamthilia za Shakespeare, mwandishi yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alimfasiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Jukwaa hilo halikumtoka. Katika wimbo wake wa mwaka 1991 kuhusu Brenda, binti wa miaka 12 aliyezaa bila msaada wa mtu, tunasikia simulizi ya msiba yenye mwanzo, kilele na mwisho.

Mwaka 1995, akiwa gerezani kwa kosa la kumdhalilisha mwanamke, alimsoma Machiavelli, Mwitalia aliyeandika yapata mwaka 1513 juu ya namna mtawala anavyopata madaraka na kuyashikilia. Tupac akajiita Makaveli, na albamu yenye jina hilo ilitoka Novemba 1996, mwenyewe akiwa marehemu. Imejaa maadui, hila na kisasi.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye fundisho. Shakespeare alimsoma akiwa na walimu pembeni, akajifunza kuvaa uchungu wa mtu mwingine. Machiavelli alimsoma akiwa amezungukwa na uhasama, akaona humo silaha. Kitabu ni kama mbegu: huota kwa kadiri ya udongo kilipoangukia.

Siyatetei matusi yaliyomo katika baadhi ya nyimbo hizo. Lakini ukizima redio bila kusema neno, mtoto atausikiliza wimbo huo huo kwingine, peke yake. Afadhali ukae naye, umwulize: mwimbaji huyu anasema nini, amelitoa wapi wazo hili, nawe waliona ni la kweli? Kisha mtafutie kitabu, mkisome pamoja. Wahenga walisema, umleavyo ndivyo akuavyo.