AFYA NYUMBANI: Uboho wa Kupewa Unapomgeukia Mwenyeji

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tiba ya kupandikiza uboho, usemi huo hutimia mara nyingi, lakini si daima. Mgonjwa wa saratani ya damu, au wa selimundu, hupewa uboho wa mtu mwingine ili umtengenezee damu mpya. Uboho huo huja na askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Askari hao wakiudhania mwili wa mgonjwa kuwa adui, huushambulia, hasa ngozi, ini na matumbo.

Ndiyo maana mtoaji hutafutwa kwanza miongoni mwa ndugu wa baba na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi 1 katika 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa kwa alama za chembe. Ujuzi wa alama hizo ulimpatia Jean Dausset wa Ufaransa Tuzo ya Nobel mwaka 1980. E. Donnall Thomas, aliyeiendeleza tiba yenyewe mjini Seattle, Marekani, alituzwa mwaka 1990. Hata hivyo, ndugu aliyelingana naye huweza kuleta maradhi haya, kwa kuwa tofauti ndogo ndogo hazikosekani.

Taabu ya madaktari ni mizani. Dawa za steroidi huwatuliza askari hao, lakini humwacha mgonjwa bila kinga mbele ya vijidudu. Tena kwa mwenye saratani, askari hao hao ndio wanaosaka mabaki ya ugonjwa. Kuwalaza wote ni hasara; kuwaachia wote ni hatari. Basi daktari hutaka kujua mapema ni nani atakayeshambuliwa vikali.

Hapo ndipo damu inapotoa habari. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walieleza protini iitwayo REG3 alfa. Hutengenezwa utumboni, na ukuta wa utumbo ukijeruhiwa huvuja ikaingia katika damu. Mwaka 2013 ikaelezwa nyingine, ST2: wagonjwa waliokuwa nayo kwa wingi walipoanza kutibiwa, aghalabu hawakupata nafuu kwa steroidi. Mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba kuzipima zote mbili siku ya 7 baada ya kupandikiza huweza kuwatenga wenye hatari kubwa na wenye hatari ndogo, kabla ya dalili kuonekana.

Kipimo hicho ni onyo tu. Wapo wenye protini nyingi wasiougua, na wapo wenye chache wakaugua. Kwa hiyo macho ya jamaa yangali na kazi.

Jambo hili limekwisha kukaribia kwetu. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, mjini Dodoma, Tanzania, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Mlezi wa mtoto aliyerudi nyumbani na atazame kila siku mambo matatu: vipele au wekundu wa ngozi, kuharisha au kutapika, na macho kugeuka manjano. Katika ngozi nyeusi wekundu hujificha. Basi apapase ngozi, na amwulize mtoto kama viganja na nyayo zinawasha au kuuma. Akiona dalili moja, asingoje kesho wala asijaribu mitishamba. Amfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa alizoandikiwa zisikatizwe bila amri ya daktari, hata mtoto akionekana mzima kabisa.