Rudisheni Kunde za Mama

Bwana Mkurugenzi,

Salamu kutoka Tulia, Kitui. Natumaini umeme haujakatika kwenye majokofu ya benki yenu ya mbegu.

Septemba 2021 vijana wako walikuja kwangu kwa adabu, wakanywa chai chini ya mwembe. Niliwamiminia bakuli zima la kunde za marehemu mama kutoka kwenye kibuyu: ndogo, nyekundu, zingali na jivu la kuzuia fukusi. Nikabakiza za kupanda tu. Waliahidi kunirudishia msimu ujao. Mvua ya vuli ikatuhadaa. Nilizopanda zikaota, zikakauka. Kibuyu kikabaki kitupu. Kunde za mama sasa ziko kwenu peke yenu.

Nimepiga simu hadi nikachoka. Jibu ni lile lile: ndani ya kunde hizo kuna familia ya jeni ambayo kazi ya protini zake haijulikani, kwa hiyo mbegu haitoki mpaka utafiti ukamilike.

Sibezi sayansi. Jenomu ya kunde ilichapishwa 2019 ikiwa na jeni 29,773. Hata Arabidopsisi, ule mmea mdogo wa maabara ambao jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000, takriban asilimia 30 ya jeni zake wakati huo zilikosa kazi inayojulikana. Kijana wako alinieleza mnavyotafuta: mnaizima jeni moja, kisha mnatazama mmea umepungukiwa na nini.

Basi andikeni na haya. Kwangu mmezima kunde za mama. Wiki ya nne baada ya mvua, wakati wa kuchuma majani, hakuna mboga. Wakati wa kupura, hakuna cha kupura. Isyo yetu ya mahindi na kunde imekuwa mahindi matupu. Wajukuu wanaisukuma sahani. Mbegu ya dukani nilijaribu. Ilitoa majani machungu, na deni.

Wala si ninyi pekee. Kila gari la utafiti huja Ukambani na fomu, huondoka na mifuko. Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya 2014, inayotaka mchukuaji apate ridhaa kwanza, kisha wagawane faida. Fomu yangu ilikuwa ya Kiingereza, na nakala sikuachiwa. Faida yenyewe labda ilikuwa ile fulana waliyonipa.

Siombi warsha. Familia yenu ya jeni ichunguzeni hata miaka ishirini, punje chache zinawatosha. Nataka kunde mia moja kabla ya mvua ya Oktoba. Nitakuja na kibuyu mwenyewe, na nitazihesabu pale pale mezani pako.

Mkulima, Tulia