Mwanao Akichelewa Kurefuka

Mama mwenzangu,

Mama mmoja wa Pangani ana pacha wa miaka 12, mvulana na msichana. Mwaka huu msichana amempita kaka yake kwa urefu. Majirani wakaanza maneno: "Wa kiume amerogwa." Mtoto akawa hataki hata kwenda kucheza mpira. Mama yake alinijia na chupa ya dawa aliyouziwa sokoni, akauliza, "Nimpe?"

Nilimwambia aiweke chini kwanza tuzungumze. Nanyi nawaambieni yale yale.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Hii ndiyo hutoa homoni ya ukuaji. Utotoni, mtoto hurefuka kiasi cha sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Balehe ikiingia, homoni za kike na za kiume huichochea tezi hiyo itoe homoni ya ukuaji kwa wingi zaidi. Hapo kijana huweza kurefuka sentimita 8, 9, hata 10 kwa mwaka, na sare ya Januari haimtoshi ifikapo Desemba.

Kwa kawaida wasichana huanza balehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Kasi kubwa ya wavulana huja kama miaka miwili baada ya ile ya wasichana. Pacha yule hakurogwa. Zamu yake bado.

Sasa tumtazame dada yake. Binti akivunja ungo, tunamwita somo amfunze. Lakini wakati huo kasi kubwa ya kurefuka imekwisha kupita, na wengi huongeza sentimita chache tu. Homoni zile zile za balehe mwishowe hufunga ncha za mifupa, na zikishafunga hazifunguki tena. Basi binti aanze kulishwa vizuri kabla ya kuvunja ungo, usingoje hadi baada yake.

Kwa nini chakula? Homoni ya ukuaji hutoa amri, na ini hupokea amri hiyo na kutoa kichocheo kingine kinachokuza mifupa. Mtoto asiyekula vya kutosha anaweza kuwa na homoni nyingi mwilini, lakini ini lake haliitikii. Miaka ya 1990 watoto wa shule za msingi mkoani Tanga walipimwa, pamoja na wa Ghana, India, Indonesia na Vietnam. Karibu nusu yao walikuwa wafupi kuliko umri wao, na upungufu ulizidi kadiri walivyokua. Je, nusu ya watoto wetu wana tezi mbovu? Hasha! Ni njaa na maradhi.

Kwa hiyo, mama, fanya haya:

Mpe dagaa, samaki, mayai, maharage au kunde, pamoja na mchicha au kisamvu. Chai ya rangi na kipande cha muhogo havitoshi. Binti naye asipakuliwe makombo baada ya kaka zake.

Mwache alale mapema. Homoni hii hutoka kwa wingi katika usingizi mzito wa usiku. Vyombo vioshwe mapema, na simu ilale chumbani kwako.

Ahakikishe anameza dawa za minyoo na kichocho zinapotolewa shuleni. Mvulana akikojoa damu, hiyo si dalili ya utu uzima, huenda ni kichocho. Mpeleke zahanati.

Binti akifika miaka 13 bila matiti kuanza kuota, au mvulana miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe, au mtoto wa umri wowote akiacha kurefuka, mwone daktari. Sindano za homoni ya ukuaji zipo, lakini ni za wale ambao daktari amewapima na kuona wanazihitaji. Haziuzwi kwenye chupa sokoni.

Mama wa Pangani aliimwaga ile dawa. Kisha akawasimamisha pacha wake mlangoni, akachora alama mbili za mkaa, na kumwambia mwanawe, "Tutapima tena baada ya miezi sita." Jioni ile mtoto alikwenda mpirani.

Nawe chukua kipande cha mkaa, uanze leo. Tuonane mwezi ujao.