Ikosoeni kauli ya mtangazaji, si sura yake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wangaliishi hadi enzi hii ya runinga, yamkini wangaliongeza kwamba siku hizi kizuri na kibaya vyote hutembezwa, tena na mtu yule yule mmoja, mwenye tabasamu pana, sauti nyororo na nambari ya simu iliyoandikwa chini ya kifua chake.

Mtu huyo ni mtangazaji wa vipindi vya mauzo. Leo atatunadia sufuria isiyoshika ukoko, kesho mkanda wa kupunguza tumbo, keshokutwa dawa ya kuondoa makunyanzi. Swali ambalo ningependa walimu na wanafunzi tulitafakari pamoja ni hili: je, mtazamaji ana haki ya kumkosoa mtangazaji huyo hadharani?

Wako wasemao kwamba hana. Hoja yao ni kuwa mtangazaji ni mwajiriwa tu, anayetafuta riziki yake kama sisi sote. Wako nao wasemao kwamba aliyeyavulia maji nguo hana budi kuyaoga. Maadamu amejitokeza mbele ya umma, na asemwe kwa lolote lile, liwe mavazi yake, unene wake au lafudhi yake.

Nionavyo mimi, pande zote mbili zimekosea. Mtazamaji ana haki ya kukosoa, na aghalabu ni wajibu wake. Lakini haki hiyo ni ya kuipima kauli iliyotolewa juu ya bidhaa. Anayeiacha kauli akaishambulia sura hakosi adabu tu, bali pia humfaa muuzaji mdanganyifu bila ya kujua.

Kabla ya kuitetea kauli hiyo, yafaa tukumbuke asili ya biashara yenyewe. Ilianzia Marekani. Mnamo mwaka wa 1977, kituo kimoja cha redio huko Clearwater, katika jimbo la Florida, kilikuwa kikimdai mteja ada ya matangazo. Mteja hakuwa na fedha, akatoa vifungulio vya mikebe 112 badala yake. Mtangazaji Bob Circosta akatakiwa avinadi hewani, navyo vikanunuliwa vyote. Mwenye kituo, Lowell Paxson, akatambua kwamba amepata mgodi. Mwaka wa 1982 yeye na mwenziwe Roy Speer wakaanzisha duka la runinga lililokuja kuitwa Home Shopping Network. Mwaka wa 1986 Joseph Segel naye akaanzisha QVC katika jimbo la Pennsylvania.

Katika maduka hayo mtangazaji hasomi maandishi yaliyotayarishwa. Huzungumza kwa muda mrefu kana kwamba yumo sebuleni mwako, huku sikioni amevaa kifaa ambacho kwacho msimamizi wa kipindi humwarifu jinsi bidhaa inavyonunuliwa. Akitaja jambo likawavutia wanunuzi, atalirudia. Lisipowavutia, ataliacha. Kwa hivyo kila neno lake hupimwa kwa mizani ya fedha.

Uzito wa kinywa hicho ulidhihirika mwaka wa 1992. Mama mmoja aitwaye Joy Mangano alikuwa amebuni fagio la kupigia deki linalojikamua bila ya mtu kulowesha mikono. QVC ililiuza, lakini mauzo yakadorora. Mama huyo akaomba aruhusiwe kulinadi mwenyewe, na alipopewa nafasi akauza mafagio 18,000 kwa muda usiofika nusu saa. Fagio lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni aliyelisemea.

Basi hatuwezi kusema kwamba mtangazaji ni mwajiriwa tu na maneno yake hayana dhima. Ikiwa kinywa chake ndicho kinachouza, kinywa hicho kina wajibu, hasa pale anaposema, 'Mimi mwenyewe nimeitumia na imenifaa.' Hapo hasomi tena tangazo la mwingine, bali anatoa ushahidi, na mtoa ushahidi hana budi kukubali kuulizwa.

Hata hivyo, kumuuliza mtu ni jambo moja na kumkejeli ni jambo jingine. Jirani yangu mmoja, mwalimu aliyestaafu, alinunua mafuta ya kuchua magoti aliyoyaona katika kipindi cha namna hii. Aliambiwa kwamba baada ya wiki mbili angeitupa bakora yake. Akatuma pesa kwa simu, akaletewa kichupa, akajipaka mafuta yale mpaka yakaisha. Bakora angali nayo hadi leo.

Kilichonishangaza ni walichokifanya wajukuu wake. Walikinasa kipindi hicho kwa simu zao, wakakisambaza kwa marafiki, na wote wakamcheka mtangazaji kwa meno yake na kwa kuzichanganya sauti za r na l. Kicheko kilienea mtaani wiki nzima. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza mafuta yale yalitengenezwa na nani, wala ushahidi wa zile wiki mbili u wapi, wala pesa za nyanya yao zingerejeshwa vipi. Mtangazaji aliumizwa, na muuzaji akaendelea kuuza.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, nasi kwenye kioo cha runinga tunamwona aliyeshika ngozi tu. Aliyechinja ameketi ofisini, hana sura wala jina. Kadiri tunavyozidi kuzungumzia meno ya mtangazaji ndivyo mwenye mali anavyozidi kustarehe. Isitoshe, nimeona kwamba makali ya kejeli hizi huwafika wanawake zaidi: umri wao, miili yao, urefu wa sketi zao. Mambo hayo hayana uhusiano wowote na ubora wa sufuria.

Tungeweza kujifunza adabu ya ukosoaji kutoka kwa mnunuzi wa kawaida katika soko la Gikomba. Mchuuzi humsifia shati kwa sauti ya juu. Mnunuzi halichukui hivi hivi. Huligeuza ndani nje, akavuta mshono, akatazama kola, akaonyesha kitundu mbele ya wanunuzi wengine, kisha akataja bei yake. Hayo yote hufanyika hadharani, na mchuuzi haoni kwamba ametukanwa. Lakini mnunuzi akianza kumsema mchuuzi kwa pua yake, hapo biashara imekwisha na ugomvi umeanza.

Runinga imetunyang'anya nafasi hiyo ya kulivuta shati mshono. Mtangazaji husema, nasi husikiliza. Hatuwezi kumkatiza wala kuigeuza bidhaa. Mtazamaji anaposema hadharani kwamba sufuria aliyoinunua ilibanduka baada ya mwezi mmoja, anairudisha sokoni sauti ya mnunuzi iliyokuwa imenyamazishwa. Wanaotushauri tuzime runinga tukichukizwa husahau jambo hili. Nikizima yangu, ya jirani yangu mwenye bakora ingali inawaka.

Marekani yenyewe imetuonyesha jinsi kauli inavyopimwa. Mwaka wa 2000 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo iliiagiza QVC isitoe madai fulani ya kiafya juu ya bidhaa zake bila ya ushahidi wa kisayansi. Baadaye kampuni hiyo ikashtakiwa kwamba imelikiuka agizo hilo, pamoja na mambo mengine, kwa madai juu ya vidonge vya kupunguza unene. Mwaka wa 2009 ilikubali kulipa dola milioni 7.5, na milioni 6 kati ya hizo zilikuwa za kuwarejeshea wateja. Shauri lile halikuhusu nywele wala sauti ya mtangazaji yeyote. Lilihusu maneno yaliyosemwa na ushahidi uliokosekana, na aliyelipa ni mwenye duka.

Hapa kwetu pia hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, na kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro za bidhaa. Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka wa 2012 nayo inakataza kudai kwamba bidhaa ina manufaa isiyokuwa nayo. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinamtaka kila anayeutumia aheshimu haki na sifa za wenzake. Kwa maneno mengine, sheria imetupa ulimi na imetuwekea mipaka.

Sasa nawageukia walimu. Katika isimu jamii tunawafunza wanafunzi sajili ya biashara. Wanazikariri sifa zake: lugha ya kushawishi, chuku, takriri, msamiati wa bei na faida. Wakiulizwa katika mtihani huziorodhesha barabara na kutuzwa alama. Lakini ni mara ngapi tunawauliza iwapo tangazo tulilowasomea ni la kweli? Tumewafunza kuitambua chuku, hatujawafunza kuihoji.

Napendekeza zoezi jepesi. Wanafunzi watazame kipindi kimoja cha mauzo, kisha wajibu maswali manne. Ni jambo gani hasa lililodaiwa? Ni ushahidi gani uliotolewa? Nani mwenye bidhaa, na anapatikana wapi? Mnunuzi asiporidhika, atarejeshewa pesa zake kwa njia gani? Baada ya hapo waandike barua kwa mhariri wakikikosoa kipindi hicho, kwa sharti moja: barua isitaje umbo, mavazi, umri wala lafudhi ya mtangazaji. Mwanafunzi atakayeona hana la kuandika kwa sababu ya sharti hilo atakuwa amegundua kwamba hakuwa na ukosoaji, alikuwa na dhihaka tu.

Nanyi wanafunzi, ambao simu zenu zinaweza kulifikisha neno kwa maelfu ya watu kabla ya kengele ya mapumziko kulia, kumbukeni kwamba nguvu hiyo inazidi ile ya wajukuu wa jirani yangu kumchekesha mtu. Inaweza kumwonya mzee asiyejua kusoma maandishi madogo yanayopita haraka chini ya kioo. Inaweza kumlazimisha mwenye bidhaa atoke ofisini ajibu. Mkiona mtangazaji ananadi uongo, semeni bila ya woga kwamba ni uongo, mtaje bidhaa, mtaje dai, mtoe ushahidi wenu. Meno yake mwachieni mwenyewe.