Mradi Upimwe kwa Ndoo

Kijijini kwetu kuna kituo cha maji kilichozinduliwa kwa ngoma na pilau. Jiwe la uzinduzi bado lipo na maandishi yake yanasomeka vizuri. Koki ndiyo haipo. Mdomo wa bomba umezibwa kwa gunzi la mahindi, na pale kwenye saruji kina mama walipotarajiwa kutua ndoo zao, mbuzi hujilaza mchana kutwa. Kina mama wenyewe wako korongoni. Wanafukua mchanga, wanasubiri maji yajikusanye, kisha wanachota kikombe kwa kikombe mpaka dumu la lita 20 lijae. Taarifa ya mradi ilishaandikwa zamani: vituo vyote vimejengwa, utekelezaji asilimia 100.

Taarifa hiyo haikusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Iliulizwa kama kituo kimejengwa, na kweli kilijengwa. Hakuna aliyetumwa kurudi baada ya masika mawili kuuliza kama kinatoa maji.

Na hatuko peke yetu. Wizara ya Maji ilipita vijijini kukagua vituo vya maji, kazi ambayo sehemu yake kubwa ilifanyika kati ya 2011 na 2013, na takwimu zake zikawekwa wazi. Katika kumbukumbu za vituo 59,400, takriban 38 kwa kila 100 vilikuwa havifanyi kazi, na vingine 7 vilihitaji matengenezo. Wizara ilistahili pongezi kwa kuuliza swali gumu na kutoficha jibu. Baadaye, mwaka 2018, Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Tanzania fedha za maji vijijini ambazo utoaji wake umefungwa kwenye matokeo. Huo ni mwanzo mzuri. Lakini mpimaji wa mbali huja mara moja na kuondoka. Anayejua koki ilikauka lini ni yule anayelala hapo.

Swali likikosewa, hata nia njema hupotea njia. Magharibi mwa Kenya, huko Busia, shule ziligawiwa vitabu vya kiada katika miaka ya 1990. Kwa kuhesabu vitabu, kazi ilikuwa imekwisha. Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, na wenzake walipima walichojifunza watoto. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Wengi waliobaki hawakusogea, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na wao hawakukimudu.

Sisi wananchi nasi tuna lawama. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inapofikishwa bungeni, tunakimbilia kurasa za fedha zilizopotea. Kuna pia taarifa za ukaguzi wa ufanisi, zinazouliza kama huduma imemfikia mtu, nazo hazizungumzwi vijiweni hata siku moja. Halmashauri inaweza kupata hati inayoridhisha, kila senti ikiwa na stakabadhi, na bado mama akaamka saa tisa usiku kufuata maji.

Kwa hiyo nawaomba tuanze na kile kilicho mikononi mwetu. Kila kitongoji kichague mradi mmoja uliokabidhiwa angalau miaka miwili iliyopita: kituo cha maji, zahanati, josho, darasa. Tununue daftari. Kama ni maji, tuandike siku yalipotoka na siku yalipokatika, foleni ilikuwa ndefu kiasi gani, ndoo iliuzwa bei gani, fundi aliitwa lini na alifika lini. Tumwombe mtendaji andiko la mradi ili tujue uliahidi nini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaturuhusu kuomba. Kisha daftari lisomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na diwani akiwapo. Kama mradi umefanya vizuri, liandikwe hilo pia, ili kijiji jirani kijue cha kuiga.

Tusimfokee mtendaji, maana mara nyingi mradi aliukuta. Tumpe tarehe na idadi, aandike kwenye muhtasari, upelekwe wilayani kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Mkutano ujao mimi nitakuja na kurasa zangu za miezi mitatu. Njoo na zako.