Usiuze amplifaya kabla hujaona spika za mteja

Wadau, leo naongea na sisi tunaouza vifaa vya muziki kwa picha za simu. Wauzaji wengi wanaanzia mwisho. Anaposti amplifaya, anaandika "wati 1000, bei poa, mikoani tunatuma", mteja analipa, mzigo unapanda basi. Spika za mteja hajaziuliza hata mara moja. Kwa mtazamo wangu huko siyo kuuza, ni kubahatisha kwa hela ya mwenzako.

Mimi nipo Katesh. Mzigo wangu unatoka Arusha, unapita Babati, unashushwa hapa, na mara nyingi unapanda tena bodaboda kwenda Basotu au Giting. Ukirudi, unalipa njia hiyo hiyo upya, na hapo ndo mnaanza kubishana nani alipe. Halafu mji wetu mdogo. Mteja uliyemuudhi mtaonana mnadani, tena atakuwa na wenzake.

Tuanze na wati. Ile namba kubwa kwenye boksi, hasa ikiwa imeandikwa PMPO, ichukulie kama urembo. Geuza mashine, soma nyuma inakula umeme kiasi gani. Kama inakula wati 60, haiwezi kukupigia muziki wa wati 1000 jioni nzima, hizo nyingine itazitoa wapi? Namba ya kuandika kwenye posti yako ni ile ya RMS.

Pili ni omu, ile alama ya Ω kama kiatu cha farasi nyuma ya spika. Amplifaya iliyotengenezwa kwa spika za omu 8 kwenda juu ukiifungia za omu 4, inavutwa kuliko uwezo wake, inachemka, siku moja inakata. Na wapo wanaounga spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja, sambamba, bila kujua hapo tayari imekuwa omu 4.

La tatu ndilo linaloachwa na wauzaji karibu wote: spika inapiga kwa nguvu gani ukiipa wati 1 tu, ukapima sauti mita 1 mbele yake. Inaandikwa kwa desibeli, dB. Kila ukiongeza wati mara mbili unapata dB 3 tu. Kwa hiyo spika ya dB 86 inahitaji wati 8 ili ifike dB 95, wakati spika ya dB 95 inafika hapo kwa wati 1. Soma tena hapo, ndipo hela za watu zinapopotelea.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi vijana wanaona video za amplifaya za tyubu, zile zenye vioo vinavyowaka kama balbu, na wanazitaka. Ni nzuri kweli, sauti yake tulivu, na sebuleni usiku zinapendeza. Lakini nyingi ndogo zinatoa wati 8 au chini ya hapo kila upande. Kijana mmoja wa Endasak alinitafuta akitaka ya namna hiyo. Nikamwambia nipigie picha nyuma ya spika. Omu 8, dB 86, na nyumbani kwao Jumapili kwaya inapigwa mpaka jirani anaimba. Ile ya tyubu ingeshindwa, angefungulia sauti mpaka mwisho, ikaanza kukwaruza, na twita zingeungua. Nikamuuzia ya kawaida ya wati 50. Faida yangu ilishuka karibu nusu, na sijutii.

Tena kuwa makini unapoagiza. Zipo za bei ndogo ambazo tyubu zinagusa sauti mwanzoni tu, kazi yenyewe inafanywa na chipu ndogo chini. Siyo mbaya, ila mwambie mteja. Ya tyubu kamili utaijua kwa uzito wa transfoma zake, na nyuma ina sehemu tofauti za kufungia omu 4 na omu 8. Mwambie pia asiiwashe bila spika kufungwa, transfoma inaweza kuungua. Kama tyubu zinachomoka, zichomoe, uzifunge peke yake kabla mzigo haujapanda basi.

Na mteja wa sola? Amplifaya ya tyubu ya wati 8 inaweza kula wati 60 na zaidi muda wote ikiwa imewashwa, hata kama sauti umeshusha kabisa. Betri yake itaisha kabla ya taarifa ya habari. Huyo mimi simuuzii, labda aniambie ana umeme wa gridi.

Najua kuna watakaosema maswali mengi yanamkimbiza mteja, anahamia kwa mwingine. Wapo wanaohama, sikatai. Ila mimi siulizi maswali mengi, naomba picha moja tu. Kwenye kila posti ya amplifaya naandika RMS, omu, inakula umeme kiasi gani, halafu mstari mmoja chini: "Tuma picha ya nyuma ya spika zako." Kama maandishi yamefutika, fundi anapima omu kwa mita dakika moja. Picha ikifika na nikaona vinaendana, ndo natoa namba ya kulipia.